Askari wa Damu na Mguu wa Seremala

Nafasi ya Seremala kwenye benchi letu, mbele ya kibanda cha kinyozi, ilikuwa wazi asubuhi ile. Alikanyaga msumari, kidonda kikaoza, dawa zote zikagonga mwamba, na sasa madaktari wanazungumzia kumkata mguu. Ndugu yetu analala hospitali, sisi tunakunywa kahawa na kuchambua habari za redioni. Inaniudhi, lakini nami nilikuwa na kikombe mkononi.

Profesa, ambaye usomi wake ni miwani tu, ndiye aliyeanza.

Profesa: Wanasayansi wanatoa seli za kinga kwenye damu, wanazirekebisha maabara zimtambue mdudu aliyeshinda dawa, kisha wanazirudisha mwilini zimmalize.

Kinyozi: Yaani askari wa mwili wanapelekwa depo kufunzwa?

Profesa: Ndiyo hivyo.

Breki, dereva wa lori: Wakihitimu watadai rushwa. Homa haitoki bila kitu kidogo.

Kinyozi: Hao watapindua serikali kabisa. Unaamka, figo ndiye rais.

Breki: Wangemfaa Seremala.

Profesa: Bado wanajaribu kwa panya.

Breki: Basi panya ana bahati kuliko fundi.

Kinyozi: Sisi si tulimsaidia? Nilimpa vidonge vyangu vilivyobaki nilipougua jino.

Breki: Mimi vya kifua. Nikamwambia ameze kimoja kimoja, akisikia nafuu apumzike. Haba na haba hujaza kibaba.

Profesa: Nami nikaongeza vya mke wangu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ndiyo desturi ya kijiwe chetu. Hakuna anayemaliza dozi. Ukipata nafuu, vilivyobaki unamwekea mwenzako. Tunauita utu.

Mara akatokea mke wa Seremala, macho mekundu kwa kukesha.

— Karibu shemeji, keti.

— Sikai. Daktari amenituma. Kabla ya kukata anataka kujaribu dawa moja ya mwisho, lakini lazima ajue mume wangu alimeza dawa gani huku, na kwa siku ngapi. Mwenyewe homa imempanda, haelewi tena anachosema.

Profesa alivua miwani. Breki akatazama barabarani.

— Vyangu vilikuwa vyeupe, akasema Kinyozi.

— Vinaitwaje?

Kinyozi akachukua kitambaa, akaanza kufuta kioo.

Shemeji alitutazama mmoja mmoja, akangoja mpaka kahawa ikapoa vikombeni. Kisha akageuka, akarudi hospitali peke yake.