Mkanda Ulioliwa na Mbwa

Sogeeni wanangu, na wewe mdogo wangu Kwangu, acha kusimama mlangoni, maana pumzi niliyobaki nayo sitaki kuimalizia kwenye kupaza sauti. Msininunie. Leo nina furaha, na mama yenu Mbuke amenikuta nacheka peke yangu akadhani nimeanza kuweweseka.

Thadeo, ulikuwa bado mgongoni ile miaka ya shida, sabuni hakuna, dizeli ya kubahatisha, halafu mashine ya kusaga ya kijiji ikakatika mkanda. Nilienda Bunda, nikapita Butiama, nikafika mpaka Musoma, kila duka hakuna. Basi sisi wanaume tukajifanya mafundi, tukachinja dume, tukashona mkanda wa ngozi, na mashine ikanguruma kweli, akina mama wakapiga vigelegele. Kesho yake ngozi ikalegea. Tukaikaza, ikalegea tena, mwisho tukaipaka mafuta ya ng'ombe ili iwe laini, tukaenda kulala. Asubuhi mbwa walikuwa wameila yote, wametuachia mshono.

Akina mama wakarudi kwenye jiwe, na dada yako Getruda naye akapiga magoti kusaga, akaniuliza, baba, kwa nini ngozi inalegea na mpira haulegei? Nikamwambia saga mtama. Alikuwaga anauliza hivyo hivyo mpaka walimu wakamchoka. Mwaka huu amechaguliwa chuo kikuu kusomea uhandisi, shangazi zake wakataka awe nesi, nikamuuliza kwa nini uhandisi. Akasema, "Baba, nataka kutengeneza mashine ambayo mbwa hawawezi kuila." Nilicheka mpaka kifua kikaniuma, nikajua hatanii.

Sasa sikilizeni wosia wangu. Kwangu, najua umeshaongea na wale watu wa Kisorya wamwoe Getruda, ili ng'ombe wake wamtolee Thadeo mahari. Hujakosea, ndivyo tulivyokuwaga tunafanya, hata mimi nilimwoa Mbuke kwa ng'ombe wa dada yangu. Lakini huyu nakataa. Asiolewe na mtu mpaka amalize masomo, na hapo achague mwenyewe. Thadeo, usiiname, baba yako hajakusahau. Zizi langu lote ni lako, pamoja na maksai wa kulimia, oa nao. Pamba ya msimu ujao mtailima kwa jembe la mkono, na mkiumwa mgongo mnisengenye, nawaruhusu.

Mbuke, nipe maji kidogo. Hapo hapo, yanatosha.

Basi la Mwanza linaondoka kesho asubuhi. Getruda apande, hata kama alfajiri mtanikuta nimekata roho. Nisikieni vizuri, apande. Najua mtasema mtoto asiyemtupia baba yake udongo kaburini ataonekana hana adabu. Kwa hiyo Getruda mwanangu, toka nje sasa hivi, chota udongo, uje nao.

Weka hapa kiganjani. Wote mmeona? Getruda amenizika, mbele ya baba yake mdogo, tena mimi mwenyewe nipo nashuhudia. Asije mtu akamsema.

Mungu awashike mkono nyote... mzae, mpendane. Thadeo, kesho umbebee dada yako begi mpaka stendi. Mbuke, usiufute huu udongo. Acha nilale nao... nimeridhika. Nenda, mhandisi wangu.