Simu Mbili Chini ya Kikoi

Mimi nauza kahawa, siuzi akili, na siku ile nilitamani iwe kinyume. Benchi langu liko Kibiti, mbele ya stendi, ubavuni mwa duka la vocha la Bashiru. Kijiweni tunamwita Hewani, maana kwake kila kitu kinapita hewani. Mzee Swalehe, fundi mstaafu wa simu za waya, tunamwita Nguzo. Ilikuwa mwaka 2004, siku za mwisho za Shaabani, mwezi ukitazamiwa kuandama jioni ileile. Akatokea mzee Mtoro kutoka Mtunda, simu mbili mkononi, uso umemshuka.

— Hii ya zamani ilizama Salale, kwenye maji ya mikoko, akasema. Tundu la chaji limeoza kwa chumvi, laini ilishafungwa. Kimebaki kijistari kimoja cha chaji. Na humu ndimo ilimo namba ya binti yangu.

— Rukaiya? nikauliza. Yule wa Tunduru?

— Huyohuyo. Miaka miwili sijasema naye. Aliolewa na mtu nisiyemtaka, nikamwambia asinijue. Akampa namba dereva wa lori, dereva ndiye aliyeniingizia humu, mimi nikanuna. Sasa nataka kumtaka radhi kabla sijafunga. Nihamishieni kwenye hii mpya, jamani.

— Hiyo kazi ya waya, akasema Nguzo. Kitu kikiingia huku kitatokea kule, kitake kisitake.

— Waya umepitwa, mzee wangu, akasema Hewani. Simu hizi zina jicho hapa kichwani. Unazitazamanisha tu, namba inaruka.

— Na akipita mtu katikati?

— Inakatika. Unaanza upya.

— Basi hiyo si njia, ni bahati. Mimi nimevuta waya mpaka Ikwiriri. Tembo waliangusha nguzo mara tatu, na mara zote tatu nilijua pa kwenda kutafuta. Hewa ikikatika, ngazi unaiegemeza wapi?

Hewani akazilaza simu juu ya benchi zikitazamana. Mtoro akatanua mikono kuwazuia watu wasikatize mbele, utadhani simu ziko kwenye sala. Akapita mbuzi. Tukaanza upya.

— Inasema haimwoni mwenzake, akasema Hewani.

— Lete waya, akasema Nguzo.

— Waya wa hizi mpaka upitie kwenye kompyuta. Kompyuta iko kwa wapiga chapa, na jenereta yao imelala.

— Kwa hiyo kilichoshindwa ni umeme. Waya mzima.

— Mzee, wewe hata ukizikwa utataka uunganishwe.

— Nitataka, nijue nani kanikata.

Ubishi ukapamba moto, na mimi, Mungu anisamehe, nikawa nawamiminia. Nguzo akasema jicho la simu ya zamani limezoea giza la mikoko, linaogopa mji. Hewani akasema sivyo, ni ule mnara wa simu ng'ambo ya barabara, una nguvu mno, unainyakua namba njiani.

— Inakwenda mnarani? akauliza Mtoro.

— Inawezekana.

— Basi tangu saa ile tunairusha, akasema Nguzo, Rukaiya anapigiwa na nchi nzima.

— Astaghafirullah, mke wa mtu huyo, akasema Mtoro.

Kijistari kikaanza kuwaka na kuzima. Hapo roho ikaniuma kweli. Nikasema labda ni jua, linalitia jicho kiwi, nikavua kikoi changu cha begani nikazifunika simu zote mbili. Nguzo na Hewani wakaingiza vichwa humo, Mtoro naye akafuata. Mwanamke mmoja, Mwajabu wa Ruaruke, aliyekuwa akisubiri gari na kapu lake la mihogo, akatusogelea.

— Poleni. Nani anafukizwa?

— Hakuna mgonjwa, dada, nikamwambia. Wanahamisha namba.

— Kwani haionekani?

— Inaonekana, akajibu Hewani kutoka chini ya kikoi. Hii hapa, yote.

— Sasa mbona hamuiandiki?

Vichwa vikatoka kimoja kimoja. Nguzo akamtazama Hewani, Hewani akanitazama mimi, mimi nikatazama birika. Hewani mwenye duka, kalamu tatu mfukoni mwa shati.

Mwajabu akachukua kipande cha mkaa kwenye kapu la jiko langu.

— Isome basi.

Hewani akasoma, Mwajabu akaandika kwenye mlango wa duka, tarakimu kubwakubwa za mtu asiye na haraka. Ya mwisho ilipotoka mdomoni simu ikazima, na haikuwaka tena. Nguzo akashusha pumzi ndefu, akasema alhamdulillahi.

Mtoro akabonyeza simu mpya mwenyewe, akitazama mlango baada ya kila tarakimu. Ikaita. Simu ile ina sauti kubwa, sote tulisikia.

— Haloo, nani?

Mzee akaisogeza simu mdomoni.

— Mimi... baba yako. Nimepiga kukutaka radhi, mwanangu.

Nguzo akautazama mnara kwa wasiwasi. Kisha tukasikia mtu anavuta kamasi.

— Baba. Hii namba ni yako?

— Yangu, mama. Mpya.

— Usikate, baba. Ngoja nichukue kalamu.