Fundi Polepole na Pikapu Isiyowashwa

Ndugu waombolezaji, naomba utulivu, msomaji ni kitinda mimba wa marehemu, yule aliyeikimbia shule kidato cha pili na ambaye kwenye mikanda ya injini hajaona wa kumzidi, ila marehemu mwenyewe.

Baba yetu, Fundi Polepole, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa mshona viatu, akasoma hadi darasa la saba, na mwaka 1974 akaingia gereji ya nyuma ya kituo cha mafuta, asitoke tena. Mwaka 1983 alimwoa mama, akamleta nyumbani kwa pikapu yake ya bluu, ikazima njiani, mama akashuka na shela lake akasukuma, na hadi leo anadai ndoa hii yeye ndiye aliyeisukuma. Walijaliwa kaka, ambaye haraka yake ilizaliwa kabla yake, na huyu anayesoma.

Gerejini marehemu alikuwa na neno moja, injini haizungushwi kinyumenyume, ukipitisha alama ya kupangia mkanda hata kwa unywele, zunguka mbele mpaka uifikie tena, maana ukirudisha, mkanda wa taimingi unalegea, unaruka meno, na ukiwasha, pistoni zinazipiga valvu na kuzipinda.

Tarehe 2 Juni mwaka huu alikuwa akifunga mkanda mpya kwenye pikapu hiyohiyo, aliyousia imbebe safari ya mwisho, alama ikampita kidogo, na kabla hajazungusha mbele kuifikia tena, kifua kikambana, spana ikabaki kwenye boliti. Wodini hakuulizia dawa, aliuliza, mmezungusha upande gani, na kaka, aliyeimalizia kazi ile, akajibu, mbele, baba, wewe lala, naye akalala, tarehe 9 Juni, alasiri, hakuamka.

Asubuhi hii kaka alimvuta dada yake, huyu anayesoma, pembeni, funguo mkononi, akasema, nilirudisha nyuma, kidogo tu. Dada hakumtania, mara ya kwanza tangu azaliwe, alifungua kava la mkanda, akazungusha mbele kwa mkono, akakuta alama zimepishana meno mawili. Kaka ameomba jambo hili lisomwe mbele yenu.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani na mafundi wenzake, na mafundi msiondoke, pikapu haiwashwi, itasukumwa hadi makaburini, mama ameshavua viatu. Kaka, shika usukani, ufunguo ugeuze mpaka usukani ufunguke, usizidishe hapo.

Baba, unakwenda mbele tu, pumzika kwa amani.