Kichupa Kisicho na Namba

Sogeeni karibu, wanangu, nisilazimike kupaza sauti, na wewe fundi umeme wangu achana na hiyo swichi mbovu, nitaondoka niiache hivyo hivyo. Nyumba ni yenu wote wawili. Cherehani achukue kitinda mimba, ndiye pekee asiyeitukana uzi ukikatika. Hayo yameisha. Sasa lililonikaa moyoni.

Miaka thelathini na moja nimetunza friza ya maabara ya hospitali, vichupa vya bakteria waliotoka kwa wagonjwa, tuliowagandisha ili watafiti wa baadaye wayachunguze magonjwa ya zamani. Mlinicheka, eti mama analea vijidudu. Nawe fundi, najua bado una kinyongo: siku ya mahafali yako umeme ulikatika, nikabaki kuhangaika na friza, kiti changu kikakaa kitupu. Nisamehe, baba. Sababu ilikuwepo, kuisema ndiko kulikonishinda.

Kaka yenu, yule mnayemjua kwa picha tu, alishikwa na homa akiwa na miaka miwili, na hakuna dawa iliyomsaidia. Mimi mwenyewe niliwaotesha wale bakteria kutoka kwenye damu yake, nikawahifadhi, ili siku moja mtu agundue ni nini kilichotushinda. Kanuni yetu ni kuandika namba, kamwe si jina. Wagonjwa wote niliwapa namba. Kwa mwanangu mkono ulikataa. Nikakifunga kichupa chake uzi wa bluu wa cherehani hii, basi. Hilo ndilo kosa langu, maana Jumatatu mkuu mpya wa maabara anatupa kila kichupa kisicho na lebo, na kwa kweli simlaumu.

Kwa hiyo kesho asubuhi nendeni, wote wawili, mumpelekee daftari langu la kijani. Maelezo yote yamo, tarehe, dawa zilizoshindwa, yote. Namba mia nne na kumi na mbili niliiruka, iko wazi mpaka leo. Ni yake. Simameni pale mpaka aiandike, tena kwa penseli, wino hufutika kwenye baridi.

Mto... niinulie kidogo. Asante, mama. Radhi zangu zote mnazo, Mungu awalinde, mpendane hata mkinuniana. Fundi, hebu rudia namba, nikusikie.

Ndiyo. Hiyo hiyo.

Haya... sasa nimewaaga wote watatu.