Sukari ya Fundi Makochi Ilikuwa Sawa

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya kaka yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Makochi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha uani cha nyumba ya bibi yetu, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko kuanzia 1969 hadi 1975, na mwaka 1978 akaingia karakana ya mjomba kushona na kujaza makochi, ambako wateja walimkuta mara nyingi amesinzia kwenye kochi lao, naye akiamshwa husema alikuwa analikagua.

Tarehe 6 Agosti 1988 alimwoa shemeji yetu, muuza vitambaa, wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja.

Mwaka 2011 aligundulika kuwa na kisukari, akaacha soda, akameza dawa bila kukosa, na sukari ikatulia kiasi kwamba kliniki ilimsimamisha mbele ya wagonjwa wenzake apigiwe makofi. Kliniki hiyo ina utaratibu wake: sukari ikipanda unapelekwa maabara kupimwa pia mafuta ya damu, ikiwa sawa unaruhusiwa kwenda nyumbani mapema, kama zawadi. Kaka alipewa zawadi hiyo kila mara. Shemeji alipowaambia wahudumu kwamba mumewe anabanwa kifua akipanda ngazi, alijibiwa, "Mama, huyu ndiye mfano wetu, dawa inamkubali, unataka nini tena?"

Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, alianguka karakanani, akakimbizwa hospitali kuu, na hapo ndipo mafuta yake yalipopimwa kwa mara ya kwanza, yakakutwa juu sana. Daktari wa zamu alitueleza kwamba dawa za kisukari hazifanani, nyingine hushusha mafuta kidogo, nyingine haziyagusi, nyingine huipandisha kidogo lehemu mbaya, yaani yale mafuta yanayoziba mishipa, hivyo sukari kutulia si ushahidi kwamba mafuta yametulia. Alifariki Alhamisi, tarehe 5, kwa mshtuko wa moyo.

Jana kliniki ilituomba tutaje hapa kwamba sukari yake ilikuwa sawa hadi mwisho. Tumetaja. Ni kweli, na ndiyo sababu hakuna aliyempima kingine.

Tunamshukuru daktari wa zamu aliyetuambia ukweli, majirani waliombeba, na mafundi wenzake waliofunga karakana zao. Nanyi wagonjwa wenzake mlioketi hapa, mkiambiwa, "Mmefanya vizuri, nendeni nyumbani," msiinuke kwenye benchi mpaka mpimwe mafuta.

Kaka, pumzika, kipimo hicho tutakidai sisi.