Historia ya Velma Khasandi, Mpiga Picha wa Viumbe vya Uani

Mchungaji, wazee, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, mimi ni Robinson, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenituma niwasomee safari ya dada yetu Velma, aliyezaliwa hapa Shinyalu tarehe 14 Machi 1989, mtoto wa tatu wa Mama Pauline na marehemu baba yetu.

Alimaliza darasa la nane mwaka 2003 na kidato cha nne mwaka 2007, akawa fundi cherehani mjini Kakamega, na tarehe 7 Disemba 2013 akafunga ndoa na Wesley, wakajaliwa binti mmoja, Jael, tarehe 9 Juni 2015, kabla Wesley hajatutangulia mwaka uliofuata.

Januari 2019 alienda Riyadh, mtaa wa Malaz, kufanya kazi za nyumbani, akamwacha Jael kwa nyanyake, na mtoto akazoea kumwita nyanya Mama, na mamake mzazi akawa anamwita Velma tu, tena simu ikipigwa anajificha nyuma ya mlango, jambo lililomuuma dada yetu kuliko kazi yoyote ile.

Madam, mwajiri wake, alikataza picha za watu na za ndani ya nyumba, mafi, yaani hakuna kabisa kwa Kiarabu cha huko, kwa hiyo Velma akapiga alichoruhusiwa, ndege hudihudi kwenye ukingo wa roshani, sisimizi, ua lililoota kwenye ufa wa saruji, na baada ya familia ile kuhamia Al-Hamra, Jeddah, mwaka 2021, kereng'ende na kasuku wa kijani kwenye mwarobaini, akimtumia Jael kila Ijumaa na kumuuliza kama kwetu wapo. Wengine hapa walimcheka, wakasema ametumwa riziki si wadudu, na kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, kumbe mtoto alikuwa anapekua vichaka vya boma hili akitafuta jibu.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2024, akalazwa, na Ijumaa ya tarehe 7 Februari 2025 picha haikuja. Jael akaandika mwenyewe, Mama, picha ya leo iko wapi, na Magdaline, rafiki yake wa huko, anatuambia Velma alilia kwa furaha, akaomba ainuliwe hadi dirishani, akampiga picha njiwa, akaituma. Alituacha Jumapili asubuhi, tarehe 9.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Jeddah, Magdaline aliyemuuguza, kafili, yaani mdhamini wake wa kazi, aliyeshughulikia karatasi za kumrudisha, na majirani mliolala nasi matangani.

Velma, uliitwa Mama, ukaitika. Sasa pumzika kwa amani.