Mlango wa Kumi na Moja: Maisha ya Kiril Talevski, 1944–2025

Tk.

Kila aliyewahi kufanya kazi na marehemu Kiril Talevski anaukumbuka mlio huo. Ni ulimi wa kitasa ukiingia tunduni mwake, mlango ukiwa umerudi wenyewe bila kuguswa. Marehemu alisimama kando yake, kalamu sikioni, uso ameugeuza, akisubiri. Ukilia, alitia alama kwenye karatasi. Usipolia, chai ya mafundi wote ilipoa.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 katika kijiji cha Capari, karibu na mji wa Bitola, Makedonia, mtoto wa pili wa Risto na Fania Talevski. Kaka yake Naum alimtangulia kwa miaka mitatu na, marehemu mwenyewe alizoea kusema, kwa kila kitu kingine pia.

Alisoma miaka minane katika shule ya kijiji, kisha akaingia shule ya ufundi mjini Bitola, ambako alihitimu mwaka 1962 akiwa fundi vitasa. Cheti chake kilichelewa mwezi mzima, kwa sababu katika mtihani wa mwisho alimfungia mwalimu mkuu ndani ya ghala, na kitasa kilikuwa kizuri kupita kiasi.

Mwaka 1969 ndugu hao wawili walifika Port Kembla, Australia, wakaajiriwa kwenye kiwanda cha chuma na kupanga katika bweni la wafanyakazi. Mlango wa ngazi ya bweni ulikuwa wa kuzuia moto, wenye springi kali iliyourudisha kwa kishindo. Wanaume waliotoka zamu ya usiku na mabegi mikononi waliuchukia. Naum aliutilia tofali.

"Litoe hilo, Naum," Kiril alimwambia.

"Usukume wewe uone. Unaning'oa bega. Bora nipigane na fahali wa baba."

Alhamisi ya tarehe 3 Juni 1971, kabla ya saa sita mchana, mafuta yalishika moto jikoni, chini ya ngazi. Kiril alikuwa kazini. Naum alikuwa amelala baada ya zamu yake. Moto wenyewe haukufika ghorofani, ila moshi ulipanda na kukuta mlango uko wazi. Naum na wenzake wawili hawakuamka. Kiril aliporudi, tofali lilikuwa bado mahali pake.

Hakumlaumu kaka yake, siku ile wala baadaye. "Tofali lile halikuwekwa na mjinga," alisema kila mara. "Liliwekwa na mtu aliyechoka."

Baada ya mwaka wa matanga, Jumapili ya tarehe 22 Oktoba 1972, alifunga ndoa na Stojna Ristevska mjini Wollongong. Walijaliwa mtoto mmoja, Vesna. Watu walizoea kusikia zogo lao likitoka uani kila msimu wa kuchoma pilipili. Marehemu alikusanya kabari za mbao alizozitoa chini ya milango ya watu, akazifanya kuni.

"Mnakula pilipili za wizi," Stojna aliwaambia wageni.

"Wizi gani? Nimewaachia milango yao."

"Kire, geuza pilipili, uache kuhubiri."

Mwaka 1973 aliacha kiwanda akaingia kazi iliyomshika miaka thelathini na sita: kuchagua na kufunga bawaba za springi kwenye milango ya kuzuia moto ya shule, hoteli na hospitali. Kanuni yake ilikuwa moja. Springi dhaifu haifungi mlango. Springi kali inaufunga, lakini mwenye mkongojo hawezi kuufungua, kwa hiyo kesho atautilia kabari, na mlango wenye kabari ni ukuta wenye tundu. Alitembea na mizani ndogo ya ndoano, kama ya wauza samaki, akipima nguvu ya kufungua mlango. Kilo mbili, alisema. Zaidi ya hapo unamtafutia mtu tofali.

Kazi aliyojivunia kuliko zote ni milango ya nyumba ya wazee iliyojengwa mwaka 1994 mlimani, juu ya mji. Mlango wa kumi na moja, kati ya jiko na vyumba vya mashariki, aliujaribu na mpangaji wa kwanza, Bi Peg Hanrahan, aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu.

"Baba wee, umeweka ng'ombe nyuma ya huu mlango?" Bi Peg alisema.

Alilegeza bawaba robo mzunguko.

"Sasa ni ndama."

Alilegeza tena, hata Bi Peg akaufungua kwa mkono mmoja, kikombe cha chai mkononi mwa pili. Mlango ukarudi nyuma yake. Tk. Marehemu akatia alama. Siku hiyo feni kubwa ya kutolea moshi jikoni ilikuwa bado ndani ya sanduku lake.

Mwaka 2019 Mama Stojna alipata kiharusi, akahamia katika nyumba hiyohiyo. Mapafu ya marehemu yaliposhindwa kupanda ngazi, mwezi wa tano 2022, alimfuata. Walikaa chumba namba 14, upande wa mashariki. Kitanda cha Mama kilikuwa karibu na mlango kwa ajili ya kiti chake cha magurudumu. Cha marehemu kilikuwa dirishani.

Wiki ya kwanza aliusikia mlango wake wa kumi na moja ukilia asubuhi yote. Saa tano na robo jikoni waliwasha feni. Kuanzia hapo mlango ulirudi, ukapunguza mwendo, ukakaa kimya. Feni iliivuta hewa ya korido na kuuzuia mlango ukiwa wazi upana wa kidole, kila siku, saa zilezile ambazo mafuta yako motoni.

Alimwendea meneja.

"Mzee Kiril, mlango huo umepita ukaguzi mwezi wa pili. Karatasi ninayo."

"Mkaguzi alikuja saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi, kama kila mwaka."

"Basi amekagua mlango wa saa tatu."

Meneja alicheka kwa upole, akamwambia apumzike, kazi alishaimaliza.

Mwezi wa tisa 2024 marehemu alizikaza bawaba mwenyewe, akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Feni ikinguruma, mlango ulilia. Alirudi kitandani akalala vizuri. Alasiri ya siku ya pili alikuta kabari chini ya mlango: kitambaa cha meza kilichokunjwa mara nne.

"Nani kaweka?" aliuliza.

"Mimi," Mama Stojna alisema. "Nilitaka kwenda kuuona mlimau ulio nje ya jiko. Nilisukuma, Kire. Nilisukuma mpaka nikalia."

Marehemu alikikunjua kitambaa, akakipiga pasi kwa kiganja, akazilegeza bawaba zikarudi zilivyokuwa.

Miezi iliyofuata alisoma vitabu vya wauza bawaba kwa kioo cha kukuzia. Hatimaye Vesna alimwagizia seti ya bawaba za mafuta, laini mkononi na zenye kukaza katika shubiri ya mwisho. Walizijaribu kwa Vesna, kwenye mlango wa chumba cha kufulia, mkabala wa feni kubwa. Kilo mbili kasoro. Tk. Tarehe 4 Aprili mwaka huu aliandika barua kuomba zifungwe. Alijibiwa kwamba wakazi hawaruhusiwi kugusa milango, na kwamba ombi lake litatazamwa kwenye ukaguzi ujao, mwezi wa pili. Bawaba zimo ndani ya kopo la biskuti, chini ya kitanda chake.

Nimonia ilimpata mwishoni mwa Mei. Alikataa kupelekwa hospitali. Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa saba mchana, akiwa na miaka themanini na moja.

Ameacha mjane, Stojna. Binti, Vesna, na mumewe, Graeme. Na wajukuu wawili, Tamsin na Risto. Ameacha pia wazee kumi na tisa wa upande wa mashariki. Leo tunamzika saa tano. Wao wanasubiri chakula chao cha mchana, na feni itawashwa kama kawaida.

Udongo uwe mwepesi juu yake, na pumziko lake lisiguswe.

Mama Stojna ameomba maneno ya mwisho ya mumewe yaandikwe hapa. Siku aliyofariki, saa tano na nusu, alimuuliza kama anataka maji. Marehemu aliinua kidole anyamaze. Feni ilikuwa ikinguruma. Mtu alipita koridoni, na mlango ukaanza kurudi. Wote wawili walisubiri ule mlio, haukuja. Kisha akamshika mkono, akasema kwa sauti ndogo sana:

"Nikiondoka, hamia kitanda changu. Kiko karibu na dirisha."